Mawe Chini ya Kitanda cha Léonie

Siku hiyo ilikuwa samedi, jumamosi. Tulikuwa tumerudi kutoka Salongo, ile kazi ya lazima ya kusafisha muji, vidole vya miguu vimejaa muchanga mweusi wa volkano. Mbabula yangu ilikuwa mulangoni, makaa yamekolea, maharagi yanatokota, na viazi vya Kibumba vimepasuka ngozi kwa kuiva. Dada yangu Léonie alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, anakata kucha, ananicheka kwamba napika kama mutu anayelisha kambi ya askari. Naanza na chakula hicho ili mujue alikuwa mutu wa namna gani. Alikuwa mutu wa kucheka na kushiba.

Sisi ni watoto wa Papa Damien, muchungaji wa ng'ombe kule milima ya Masisi. Léonie alikuwa mwaka wa mwisho kwenye institut moja, chuo cha hapa Goma. Mimi, Généreuse, mudogo wake, nilikuwa najifunza kushona. Tulipanga chumba katika nyumba ya mbao huko Murara pamoja na Henriette, rafiki yake, musichana wa kwetu Masisi. Wao wawili walibatizwa siku moja, walilala kitanda kimoja, na kitenge walikata katikati, kila mumoja kipande chake. Mimi nililala kwenye mukeka. Ukimupiga Léonie, Henriette ndiye analia: ndivyo watu walivyosema, na mimi mujinga nilikuwa nasema pamoja nao.

Shida ilikuwa mémoire, ile kazi kubwa ya kuandika ya kumaliza masomo. Léonie alijua mambo ya malisho na maziwa kuliko vitabu, lakini akishika kalamu mukono unakauka. Na ukishaandika, kuna siku ya kusimama mbele ya jury, wale wakubwa wanaopima, na watu wote, uitetee. Hapo ndipo palimutisha. Papa alikuwa ameshatangazia mulima muzima kwamba binti yake atasema kifaransa mbele ya wakubwa.

"Nitasimama pale, nifungue kinywa, na sauti ikatae," aliniambia siku hiyo, maharagi bado motoni. "Na Papa atanitazama tu."

Henriette aliingia akatusikia. "Acheni kulilia sufuria," alisema. "Kuna Assistant mumoja, mwalimu musaidizi wa institut, anafanya atelier kila samedi, kiisha Salongo. Anakusanya wanafunzi, anawasaidia. Nyumba, roho, maandishi, yote. Tuende."

Walikwenda wameshikana mikono.

Huyo Assistant alikuwa mupole, na hapo ndipo hasira inanipanda hata leo. Angekuwa na macho mekundu na hirizi shingoni, tungekimbia. Wakati ule serikali ilikuwa imekataza majina ya ubatizo; shuleni kila mutu alikuwa citoyen, mwananchi, na jina la babu yake. Yeye alikuinamia polepole, akanong'ona, "Mimi ni Adalbert. Na wewe, mama yako alikubatiza nani?" Ukishamupa jina hilo, siri nyingine zinafuata zenyewe.

Na kusaidia alisaidia, nisimusingizie. Mwenye nyumba wetu alitaka kutufukuza aweke ndugu zake. Assistant alikwenda akaongea naye, tukabaki. Maandishi ya Léonie aliyasoma sentensi moja moja. Pale alipoandika maneno ya watu wengine alimuuliza, "Na wewe, pale nyumbani uliona nini?" Mukono ukalegea. Akaanza kuandika kweli, usiku taa inaisha mafuta bado anaandika.

Ile kazi ya roho niliiona kwa macho yangu, siku nilipowapelekea chai. Walikutana katika nyumba ambayo Assistant alikuwa anajijengea hapo hapo Murara, kuta za mawe bado hazijapakwa. Kila mwanafunzi aliokota jiwe, yale meusi yenye matundu, akaliweka karibu na mudomo. Akalinong'onezea kinachomusumbua. Kiisha akalilaza kwenye kona.

"Jiwe halina moyo," Assistant aliwaambia. "Liache libebe."

Nilitaka kucheka, lakini ilifanya kazi. Kijana mumoja wa Beni, aliyekuwa anatafuna vidole mupaka damu, kucha zake zikaota. Wengine waliokuwa hawalali wakanenepa. Léonie naye alilipa jiwe lake ile hofu ya kukosa sauti, na kwa muda akawa mwepesi, anaimba akifua. Nikasema, Mungu amutunze huyu mutu.

Kisha ikaja mvua. Nyumba zetu za mbao, munazijua, maji yanaingia chini kama mutu wa familia. Kila mutu wa Goma anainua kitanda juu ya mawe. Henriette alikuja na beseni kichwani, limejaa mawe, akapiga magoti, akayapanga chini ya kitanda moja moja, taratibu, kama mama anayeweka mayai chini ya kuku. Nani hapa anauliza jiwe limetoka wapi? Tunajengea mawe, tunakalia mawe, tunatupia mbwa mawe.

Jioni hiyo alihamia kwenye mukeka wangu. "Kitanda ni kidogo," alisema. "Léonie ndiye anaandika. Apumzike."

Nikaona ni upendo.

Siku chache baadaye nilimukuta Léonie muchana, amekaa kitandani, machozi yanamutiririka. Nikamuuliza kuna nini. "Mutoto wangu," alinong'ona. "Nimemuacha Beni. Hata jina sikumupa." Léonie hakuwa na mutoto. Hajawahi kufika Beni. Nikamushika mabega, akanitazama kama mutu aliyeshuka gari asipopajua, akasema, "Généreuse, nimesema nini?"

Siku nyingine nilidondosha mukanda wa ngozi niliokuwa nashona. Akajificha nyuma ya mulango, mikono kichwani. "Papa, basi," alisema. "Papa, basi." Papa wetu hajatupiga hata na jani. Sauti haikuwa yake. Ilikuwa ya mwanaume.

Nilimuvuta Henriette pembeni. Alikuwa anasuka nywele, vidole havikusimama.

"Ni uchovu," alininong'onezea. "Usimuambie Papa Damien. Utamuharibia."

Maji yaliingia tena asubuhi moja, mvua kubwa. Nilikuwa nayafagia na kitambaa. Yalitoka mulangoni, yakapita mukeka, yakafika kitandani. Yakasimama. Pale chini palikuwa pakavu. Nikanyoosha mukono, nikagusa jiwe moja. Lilikuwa na joto. Si joto la jua. Joto la kwapa la mutu.

"Henriette," nilisema, "haya mawe yana moto."

Alicheka kidogo. "Goma hii, ni jiwe gani halikutoka kwenye moto?"

Jibu lilikuwa zuri. Nikaendelea kufagia maji.

Siku ya kutetea mémoire ilifika, kukiwa na jua zuri kabisa. Papa Damien alishuka kutoka Masisi na koti lake la harusi na kibuyu cha maziwa, ili binti akimaliza anywe mbele ya watu. Ukumbi ulijaa. Wanafunzi wote wa atelier walikuja. Henriette alikaa mbele, amevaa kile kitenge. Léonie alivaa kipande cha pili. Assistant alikuwa mezani pamoja na jury.

Léonie alianza vizuri. Kifaransa kilitoka safi, akasema habari ya nyasi za juu na ndama wanaokufa wakati wa baridi. Papa hakuelewa neno, lakini alikuwa anatikisa kichwa, anatabasamu, kibuyu juu ya magoti.

Halafu Léonie akakatiza katikati ya neno. Akashika meza.

"Mutoto wangu nimemuacha Beni," alinong'ona.

Kijana wa Beni aliinua kichwa.

"Papa, basi. Nitachunga vizuri."

Mwingine, nyuma, aliangusha kofia.

"Nilimuona dada akizama ziwani. Nilikuwa naweza kuogelea. Sikuingia."

Yalitoka moja baada ya jingine. Kila moja na sauti yake. Ya mwanaume. Ya mwanamuke. Ya mutoto mudogo. Kila aliyesikia la kwake aliinamisha uso. Hakuna aliyesimama. Hakuna aliyesema, mupeni maji. Nilimutazama Assistant. Alikuwa amefumba macho, mikono imekutana, kama mutu kanisani.

Kisha Léonie akageuka, akamutazama Henriette. Na sauti iliyotoka ilikuwa ya Henriette. Naijua. Nimelala karibu nayo.

"Kura ilipopigwa, jina lililoanguka lilikuwa langu. Assistant alisema kila mwaka, mutu mumoja lazima abebe ya wote. Nikamuambia, muchukue Léonie. Nalala naye. Ananiamini. Nitayaweka mwenyewe."

Baada ya hapo midomo yake iliendelea kucheza, lakini hakikutoka kitu. Akafungua kinywa zaidi. Hakuna. Alisimama pale mbele ya wakubwa, mishipa ya shingo imetoka, sauti imekataa. Na Papa akamutazama tu.

Mimi niliruka viti. Nikamushika Henriette na kitenge chake shingoni, nikamuuliza, "Umesikia? Umesikia ulichofanya?" Nilitaka alie. Nilitaka aseme samahani, ao akane, ao anipige. Alinitazama na macho meupe, safi, ya mutu aliyelala vizuri.

"Généreuse, unalilia nini?" alisema. "Dada yako amechoka tu. Atapona."

Hakuwa anadanganya. Hiyo ndiyo niliyoishindwa, na naishindwa mupaka leo. Hakukuwa na aibu ndani ya musichana yule, hata tone. Alikuwa ameitoa yote, akailaza chini ya muto wa dada yangu. Hata uchungu wa kumusaliti, dada yangu ndiye aliubeba.

Wakubwa walisema ni kazi nyingi, akili imechoka. Assistant alitupa pole, akamushika Papa mukono wake na mikono miwili. Papa alitoka nje, akamwaga maziwa juu ya mawe ya barabara, akarudi Masisi. Wale wengine wote walipata diplome zao. Assistant alihamishiwa institut kubwa zaidi, katika muji mwingine, wakamufanyia sherehe ya kumuaga, wanafunzi wakalia. Nasikia huko pia anafanya atelier.

Nilipofika chumbani siku ile, maji ya mvua ya jana yalikuwa yameshaingia chini ya kitanda. Mawe yalikuwa baridi, mawe tu kama ya njiani. Isipokuwa moja, la upande wa muto. Nilijua ni la nani.

Watu wananiambia, samehe, wewe si unaitwa Généreuse, mukarimu. Wacha waseme. Nilikaa na jiwe lile miaka. Kulitupa niliogopa, maana mutu angeliokota ainue kitanda cha watoto wake. Henriette alipata kazi ya kuongoza shule huko Kiwanja, nikapanda gari na jiwe ndani ya kikapu, nikamufuata. Nilimukuta sokoni, amenona, ananunua vitunguu. Alinikumbatia. Nikamuwekea jiwe mukononi.

"Ni lako," nilisema. "Chukua."

Aliligeuza geuza. "Ni jiwe tu," alisema. "Tena lina baridi." Akanirudishia, na lilipogusa kiganja changu likawa na joto. Kisha akaniuliza, kwa wema kabisa, kama kwetu tulizaliwa wengi, kana kwamba Léonie hajapata kuwepo.

Nikarudi nalo Goma. Nililiweka nyuma ya nyumba, karibu na banda la kuku. Léonie anaishi kwangu. Anachambua maharagi, anapasi nguo ninazoshona, anakula kidogo. Tangu siku ile ya ukumbi hajatoa neno, hata akijichoma. Mvua ikinyesha, mawe yote yanalowa, lile linabaki kavu. Juzi kuku wangu mumoja aliacha mayai yake, akaenda kulilalia. Nikimufukuza anarudi.

Jana muchana, mvua ikiwa inaanza, nilimuona Léonie nje, kupitia dirisha. Alimutoa kuku kwa mikono miwili, bila haraka. Akapiga magoti kwenye matope. Akaliinua jiwe mupaka mudomoni. Na midomo yake ikacheza, kwa muda mrefu, kama wale wanafunzi wa atelier. Sikusikia kitu, mabati yalikuwa yanalia. Niliacha cherehani nikakimbia nje.

Nilipofika, alikuwa anapangusa mikono kwenye kitenge. Kuku alikuwa amerudi kwenye mayai yake. Jiwe halikuwepo. Palipokuwa, mvua ilikuwa inapiga kila upande, na katikati palibaki duara dogo la udongo mukavu. Mupaka asubuhi hii halijalowa, mukitaka mukaangalie.

Nilimuuliza Léonie jiwe liko wapi. Alinionyesha na kidevu tu, ng'ambo ya mapaa, upande wa barabara ya Rutshuru, ile inayofika Kiwanja kwa Henriette. Kisha akaingia ndani, akajipakulia maharagi, akala mupaka akashiba.