Tuva na Miluzi ya Angani

Kila asubuhi kabla ya shule, Tuva Hedlund alipanda kilima kilichokuwa nyuma ya nyumba yao, nje kidogo ya mji wa Uppsala. Juu pale palikuwa na antena ya darasa lao. Alikuwa akivaa visikilizi masikioni na kurekodi miluzi. Radi ikipiga mbali, mawimbi yake hupaa na kupenya plazima baridi, ile gesi nyembamba yenye chembe za umeme inayoizunguka Dunia, kisha hurudi chini yakilia kama mluzi. Kwa miluzi hiyo watafiti hujua hali ya plazima; ikitoweka, nayo hunyamaza.

Asubuhi ile hakusikia kitu. Alisubiri mpaka vidole vikafa ganzi. Kimya. “Darasani watasema sikupanda,” aliwaza. Basi akachukua rekodi ya jana, akabadilisha tarehe, akaituma kwa watafiti.

Wakati wa mapumziko, Mwalimu Gunvor aliingia darasani mbio.

“Jamani, usiku jua limetupiga dhoruba! Watafiti walidhani plazima imepeperushwa, lakini rekodi ya Tuva ina miluzi tele. Sasa hivi wanataka kuwaambia wenye satelaiti kwamba mambo ni shwari. Wananisubiri nithibitishe.”

“We Tuva, umekuwa nyota!” Elis, mwanafunzi mwenzake, alimpiga kikumbo. “Mbona umepauka hivyo?”

Mwalimu alikuwa ameshatoka, simu i sikioni. Tuva akamkimbilia kwenye korido.

“Mwalimu, usithibitishe! Ile rekodi ni ya jana.”

Mwalimu alimkazia macho. “Unasema nini?”

“Leo hakukuwa na mluzi hata mmoja. Niliogopa mtaniita mvivu.”

Mwalimu akampa simu. “Waambie mwenyewe.”

Tuva alieleza yote. Mtafiti akauliza, “Una hakika? Hata mluzi mmoja?”

“Hata mmoja.”

“Kumbe! Wenzetu wa Finland nao hawakusikia kitu. Tulidhani mitambo yao imeharibika. Tunabadilisha taarifa sasa hivi.”

Simu ilipokatika, Tuva alikuwa analia.

“Kesho utawaomba radhi wenzako,” alisema Mwalimu Gunvor, akimshika bega. “Kile kimya ulichokionea aibu ndicho watafiti walichokuwa wanakitafuta, Tuva. Usiposikia kitu, sema hukusikia. Hatukukutuma kilimani ukatufurahishe. Tulikutuma utuambie kweli.”