Zima Kwanza, Mama Vifungo

Kila asubuhi Mama Vifungo alifagia baraza, akafungua madirisha, kisha akaketi kwenye cherehani yake. Watu walimpa jina hilo kwa sababu vifungo vya nguo vilimfuata kila mahali. Vilikuwa mfukoni, vilikuwa jikoni, hata ndani ya viatu vya mume wake. Mume wake alikuwa muoka mikate. "Iko siku nitauza mkate wenye vifungo," alikuwa akisema, "na wateja watadhani ni zabibu."

Zamani cherehani ile ilikuwa ya kukanyaga kwa miguu. Mwaka huo Mama Vifungo aliifungia mota ya umeme, na miguu yake ikastarehe. Mama mkwe wake, waliyeishi naye, hakuipenda mota hata kidogo. "Kidude hicho kinanguruma kama tumbo lenye njaa," alisema. Ule mkanda wa ngozi wa zamani, uliozungusha gurudumu la cherehani, aliuchukua, akafungia sanduku lake la nguo.

Basi mvua ikanyesha siku mbili mfululizo. Katika mtaa ule, mvua ikizidi, mfereji wa nyuma hufurika na maji huingia majumbani kwa mlango wa uani. Watu walishazoea. Waliinua magodoro, wakapandisha magunia mezani, wakangoja maji yaondoke.

Alhamisi asubuhi maji yaliingia. Mama Vifungo hakushtuka. Mbele yake kulikuwa na gauni la harusi. Bibi harusi alikuwa mdogo wa fundi umeme, na fundi huyo alikuwa mwanamke jirani wa nyumba ya tatu. Harusi ilikuwa Jumamosi, na Mama Vifungo alikuwa ametoa ahadi. Aliweka vitambaa juu ya kabati. Ekstenshen, ule waya mrefu wenye matundu ya kuchomekea, aliiweka juu ya tofali. Akavaa ndara za mpira, akapandisha miguu na kikanyagio cha mota kwenye kiti kingine, akaendelea kushona.

Mama mkwe alikuwa barazani, mbele ya nyumba, mahali palipoinuka kuliko chumba.

"Mwanangu, toka humo!" aliita.

"Naja, mama. Bado pindo tu. Na nimevaa mpira, umeme hauniwezi!"

Akashona. Maji nayo yakapanda taratibu. Alipotupa jicho chini, yalikuwa yamekaribia ukingo wa tofali. "Ngoja niinue waya huu," alijisemea. Akateremsha mguu mmoja.

"Usishuke!"

Mguu ulisimama hewani. Mlangoni alisimama fundi umeme. Alikuwa amekuja kuuliza habari za gauni.

"Rudisha mguu juu! Usiguse kitu!"

Fundi hakuingia ndani. Swichi kuu ya nyumba ilikuwa kwenye ukuta wa baraza, na pale barazani palikuwa pakavu. Aliweka mwavuli chini. Alivua kitambaa chake cha kichwa, akafuta mikono mpaka ikakauka. Kisha akazima. Mota ikanyamaza.

"Sasa shuka, dada. Njoo polepole."

Mama Vifungo alitoka na gauni kichwani. Alipogeuka nyuma, maji yalikuwa yamelifunika tofali pamoja na waya wake. Aliketi barazani akalia, kwa maana aliogopa kwelikweli.

"Lakini nilivaa mpira," alisema baada ya kujifuta.

"Ndara hizo zimelowa, na maji yanapita juu yake mpaka mguuni," fundi alijibu. "Umeme unasafiri ndani ya maji. Waya ukizama, hata ukisimama mbali nao, umeme unaweza kukupata."

"Sasa ningefanya nini?"

"Ungezima mapema. Ukiona maji yanakuja, zima swichi kuu wakati bado umesimama pakavu na mikono yako ni mikavu. Ndipo uinue vitu vyako."

"Na kama maji yameshaifikia swichi?" mama mkwe aliuliza.

"Hapo usiisogelee, mama. Toeni watu wote nje, mtuite sisi mafundi au watu wa umeme."

"Mimi nilisema tangu mwanzo kidude kile kina roho mbaya."

Fundi alicheka. "Kidude hakina kosa, mama. Ila hakitawashwa mpaka nyumba ikauke na mimi nikague kila soketi. Labda Jumatatu."

Mama Vifungo alishika tama. "Jumatatu! Na pindo la gauni je? Mdogo wako ataolewa pindo likiwa na pini?"

Mama mkwe alivuta sanduku lake, ambalo alikuwa amelitoa nje mapema kuliko mtu yeyote, akaanza kufungua mkanda wa ngozi.

"Ninakuazima tu," alisema. "Nguo zangu zikimwagika, utazikunja wewe."

Mchana muoka mikate alirudi. Yeye na fundi waliibeba cherehani mpaka barazani. Mota ikatolewa, mkanda ukavishwa. Mama Vifungo akakanyaga. Miguu ilimuuma mpaka ikamkumbusha miaka ya ujana, lakini pindo lilinyooka vizuri. Jumamosi bibi harusi alipita mtaani akiruka madimbwi, gauni amelishika juu kwa mikono miwili, na hakuna aliyeona kasoro.

Jumatatu fundi alikuja na mfuko wake wa zana. Alikuta soketi mbili zimejaa matope, akazibadilisha. Zote akazipandisha juu ukutani, usawa wa kifua. Baada ya hapo ndipo alipowasha. Mama Vifungo naye alipita nyumba kwa nyumba akisimulia habari ya tofali, bila kuificha aibu yake. "Msicheke," aliwaambia. "Nendeni kwanza mkaangalie swichi zenu ziko wapi."

Mwaka uliofuata mvua zilirudi. Mfereji ukafurika tena. Fundi umeme alikumbuka nyumba ya Mama Vifungo, akatoka mbio, viatu mkononi, huku amejiandaa kupiga kelele. Alipofika barazani alisimama, pumzi juu juu. Swichi kuu ilikuwa imezimwa. Cherehani ilikuwa nje, pale pakavu, na Mama Vifungo alikuwa akikanyaga huku akiimba. Karibu naye kulikuwa na sanduku lisilo na mkanda.

"Nyumba zote za mtaa huu zimezima umeme," mama mkwe alimwambia fundi, akimsogezea kiti. "Leo umechelewa, mwanangu. Kaa unywe chai."