Narudi, Asema Kekeo

Chiriku mwenyewe atakuambia bila kulazimishwa: siku ile nyuma ya studio kulikuwa na ndege wawili na mjinga mmoja, na mjinga hakuwa na manyoya.

Jina la Chiriku alipewa na mjomba wake, maana msichana huyo aliongea tangu anapoamka mpaka usingizi unapomkatiza maneno. Mjomba alikuwa mpiga picha. Studio yake ilikuwa chumba kimoja chenye stuli, taa na pazia la samawati, na kazi yake kubwa ilikuwa picha za pasipoti. Kila alasiri Chiriku akitoka shule alifagia, akawanyoosha wateja kola, akawaonya wasicheke. Halafu yeye ndiye aliyewachekesha.

Aliishi kwa mjomba kwa sababu mama yake alikuwa ng'ambo, akifanya kazi ya kutunza wazee. Mama alipiga simu kila Jumamosi. Siku nyingine zote za wiki zilikuwa za kuisindikiza Jumamosi tu.

Mvua zilipoanza, kekeo naye alianza. Huyo ni ndege wa kusikika, si wa kuonekana. Hujificha juu mtini akaita kwa sauti tatu zinazoshuka, kisha akanyamaza kama aliyesahau alichotaka kusema. Zamani mama alipomsikia aliacha sufuria na povu lake, akainua kidole. "Msikilize, mwanangu. Anasema na-ru-di. Kila mwaka huondoka, na kila mwaka hurudi. Lakini mimi mpaka leo sijamwona hata mkia."

"Anasema ha-ru-di," Bingwa alipenda kusahihisha. Bingwa alikuwa mtoto wa mjomba. Jina hilo alijipa mwenyewe, na hakuna aliyejua alishinda nini.

Siku moja mjomba aliwaita watoto nyuma ya studio. Ukutani palikuwa na kopo kuukuu lililowahi kupandwa maua, na mmea utambaao ulikuwa umelifunika kabisa. Mjomba alisogeza jani moja kwa ncha ya kidole. Ndani ya kopo mlikuwa na kiota, na ndani ya kiota alikuwamo kinda mweusi, mnene, amebanana kama mtu aliyevaa shati la mdogo wake.

"Huyo ni kinda wa kekeo," mjomba alinong'ona. "Kiota ni cha kurumbiza, yule ndege mdogo mwenye kifua cha rangi ya chungwa. Kekeo hajengi. Hutaga katika kiota cha mwenziwe, na mwenziwe hulea."

Bingwa aliangua kicheko. "Kumbe kama Chiriku! Shangazi kamtaga kwetu, akaruka zake!"

Mjomba alimkata jicho. Chiriku alimpa kisogo, akaingia studio kufagia sakafu aliyokwisha kuifagia.

Jioni hiyo alimwomba mjomba kamera. Mama hajawahi kumwona kekeo. Basi Jumamosi atamwona, naye Chiriku ndiye atakayemwonyesha. Labda akimwona atakumbuka zile sufuria. Labda atauliza nauli. Hilo la pili hakulisema kwa sauti.

Mjomba alimpa kamera yake ya zamani, akamning'inizia shingoni kama nishani. "Utapigia ndani, kwenye dirisha la nyuma. Kiota hakiguswi. Na ukiweza, mpwa wangu, mdomo nao upumzike."

Mdomo ulipumzika. Kilichomshinda ni majani. Kila alipochungulia katika kamera aliona kijani, kijani, na labda ncha ya mdomo. Kurumbiza alikuja na mdudu, akaingia, akatoka, na picha ikawa ya majani yanayotikisika. Ijumaa ilifika, nayo shule ilikuwa imefungwa siku hiyo. Chiriku akiwa mbio mbio, na mjomba akiwa na wateja, alichukua mkasi wa kukatia picha, akatoka nje akayakata majani yote yaliyoziba kopo.

Aliporudi dirishani kinda alionekana mzima, wazi kama mteja aliyekaa kwenye stuli. Chiriku alibonyeza. Picha safi! Akatulia, amngoje kurumbiza amlishe mwanawe wa kulea.

Kurumbiza alikuja mpaka juu ya ukuta, mdudu mdomoni. Alitazama kopo lililo uchi. Akaruka. Akarudi, akaruka tena. Jua nalo lilipanda likaangukia kopo lile la bati moja kwa moja. Kinda alifumbua mdomo mwekundu, akauacha wazi, shingo ikimtetemeka. Hakuwa anaita chakula. Alikuwa anahema.

Chiriku alimkimbilia mjomba. "Mjomba! Mbuzi wa jirani amekula majani yote ya kiota!"

Mjomba alitoka, akaangalia ukuta. Akaokota tawi chini, akatazama lilipokatika.

"Mbuzi huyu," alisema taratibu, "amesomea ukinyozi wapi?"

Chiriku alijaribu kucheka. Kilichotoka kilikuwa kilio. "Ni mimi. Nilitaka mama amwone. Hajawahi kumwona, mjomba, na kesho ndiyo Jumamosi."

"Machozi baadaye. Lete uzi. Bingwa, panda stuli ulishushe pazia!"

"Lakini baba, wateja..."

"Pazia!"

Walifunga matawi yaliyokatwa mbele ya kopo, jani juu ya jani. Juu yake mjomba alilitandaza lile pazia la samawati kama kibanda, kivuli kikamwangukia kinda. Kisha wote watatu waliingia ndani, wakakaa sakafuni chini ya dirisha. Muda ulikwenda kwa magoti. Mteja alibisha mlangoni, mjomba akamwashiria asubiri. Chiriku alimwazia kurumbiza huko aliko, na mdudu wake, na mwana asiyemfikia. Akamwazia mama.

Hatimaye kitu kidogo cha rangi ya chungwa kilitua ukutani. Kikachungulia. Kikapenya kati ya majani.

"Piga," mjomba alinong'ona.

"Ale kwanza," alijibu Chiriku.

Kinda alikula. Kurumbiza alipokuja mara ya pili ndipo Chiriku akabonyeza, mara moja tu. Mjomba akafuta ile picha ya asubuhi, na Chiriku hakubisha. "Picha nzuri iliyomuumiza aliyepigwa, hiyo si nzuri," mjomba alimwambia. "Na kosa ukilisema mapema, linapata dawa. Ungeng'ang'ania mbuzi wako mpaka jioni, tungekuwa tunazika. Pazia litabaki pale mpaka kinda aruke, na kila siku utalikagua wewe."

Kuanzia hapo wateja walipigwa picha mbele ya ukuta mtupu. Walilalamika kidogo, lakini sura zao zilikuwa zilezile.

Jumamosi mama alipiga simu. Picha ilikuwa imeshamfikia: majani kila upande, na katikati mdomo mwekundu uliofumbuliwa, na kurumbiza ameingiza kichwa chote humo.

"Kwa hiyo ndiye huyu," mama alisema. "Na huyo mdogo anayemlisha, Mungu ampe nguvu. Kaka, unanisikia? Ampe nguvu."

"Nakusikia, dada," alisema mjomba.

Kutoka mtini, nje, sauti tatu zilishuka. Mama alizisikia mpaka kule aliko. "Mwanangu, ni yeye? Anasema na-ru-di?"

Bingwa hakuweza kujizuia. Aliinamia simu. "Shikamoo shangazi. Mimi nasikia vizuri kuliko wote hapa, na anasema ha-ru-di. Ha-ru-di kabisa!"

"Marahaba, Bingwa," mama alijibu. "Sasa kama harudi, huyo anayeita hapo nje ni nani?"