Hodi Kutoka Ndani

Siku ya tisa tangu arudi kutoka hospitali, mwalimu wa darasa la kwanza alisikia mtu anabisha mlango saa nne ya asubuhi. Ngo, ngo, ngo. Akamwita wifi yake, dada wa mumewe, aliyekuja kumuuguza kwa kuwa mume alikuwa safarini na lori.

"Wifi, kuna mgeni."

Wifi akafungua, akachungulia kushoto na kulia, akafunga. "Mgeni wako upepo. Au ni hizo dawa zako."

Ngo, ngo, ngo. Safari hii wifi alikuwa bado ameshika kitasa, na hakusikia kitu.

Mwalimu alikuwa amepasuliwa kichwa. Mshipa mmoja kwenye ubongo wake ulivimba kama puto dogo, ukaanza kuvuja akiwa kazini, akaanguka na chaki mkononi mbele ya watoto arobaini na mmoja. Daktari wa upasuaji alimnyoa nusu ya kichwa, akafungua kidirisha kwenye fuvu, akaibana shingo ya lile puto kwa kibanio cha chuma kisichozidi ukucha wa mtoto, akarudisha mfupa, akashona.

"Ni kama kibanio cha nguo," alimweleza. "Kitakaa humo maisha yako yote. Usiinue ndoo, usiiname, usikasirike."

"Na wifi yangu ndiye anayeniuguza?"

Daktari alicheka. Lakini mwalimu alipokwenda kutolewa nyuzi akamwambia habari ya kubisha, daktari hakucheka. "Mfupa unaunga," alisema. "Kichwa kilichofunguliwa huwa na milio. Wengine husikia maji, wengine saa ya ukutani."

"Kuna wanaosikia hodi?"

Aliacha kuandika, akamtazama, kisha akaendelea kuandika.

Kesho yake wifi alikuwa anamlisha uji. Kijiko kilikuwa njiani pale mdomo wa mwalimu ulipofunguka wenyewe, ikatoka sauti ya mwanamume mpole, aliyechoka kusimama: "Hodi." Ikaja na harufu ya chuma kilicholowa.

Mdomo wa wifi ulikwisha kushika silabi ya kwanza ya jibu, kama mdomo wa mtu yeyote aliyelelewa vizuri. "Ka," alisema, na hofu ikamkaba hapo hapo. Kijiko kikaanguka. Hofu hiyo ndiyo iliyomwokoa.

Mganga aliyeitwa alikuwa mama mfupi mwenye miwani, asiyependa maneno mengi. Aliweka kiganja juu ya mshono, akasikiliza muda mrefu kama anayesikiliza tumbo la mjamzito.

"Lile puto lilikuwa chumba chake," alisema. "Ni jini mpita njia. Angepasua ukuta, akaenda zake, nanyi mngezika. Daktari kafunga mlango naye yumo ndani."

"Basi mtoe," wifi alinong'ona.

"Nimtoe wapi, mwanangu? Nikigusa kile chuma, wifi yako amekufa. Huyu ana njia moja tu. Anabisha hodi, na mtu akiitikia karibu, anahamia kwa aliyemkaribisha. Asipojibiwa siku arobaini kuanzia leo, atanyauka kama mbegu juu ya jiwe. Fungeni midomo."

Wakafunga midomo. Wifi, ambaye mtaa mzima ulimwita Redio, alibandika karatasi mlangoni: MSIBISHE, INGIENI. Wageni walipoingia aliwaonyesha kiti kwa kidole. Jirani mmoja aliondoka amenuna, akisema maradhi yamewatia watu ufedhuli. Wifi akacheka hadi akalia, kisha akalia kweli.

Siku ya ishirini na sita ililetwa barua kutoka shuleni, imeandikwa kwa penseli, herufi zimepanda na kushuka: MWALIMU TUNAKUNGOJA. Chini yake majina yote arobaini na moja. Mwalimu alipoanza kuyasoma, kubisha kukakoma. Palikuwa kimya kama kimya cha mtu anayesoma juu ya bega la mwenzake.

"Ni wengi," sauti ilisema ndani.

Mwalimu akabana midomo.

"Wana adabu?"

Alikuwa amewafundisha miezi saba. Walipoanza walikuwa wanarushiana viatu. Sasa mtu akibisha hodi, walisimama wote kwa pamoja na kuitikia. Hakuna kazi aliyoifanya kwa fahari zaidi. "Wana adabu sana," alisema, kabla hajafikiri.

Tangu saa ile jini hakubisha tena. Alikandamiza. Alibonyeza nyuma ya jicho la kulia kama mtu anayejaribu ukomavu wa tunda, akaacha, akabonyeza tena, na kila alipoacha alisema kwa upole kwamba siku zimebaki kumi, zimebaki saba, na kwamba siku moja ina saa nyingi sana.

"Zimebaki nne, wifi," alisema wifi siku ya thelathini na sita, akianika nguo uani, vibanio mdomoni. "Vumilia. Unakwenda wapi?"

"Kunyoosha miguu. Daktari kasema nitembee."

"Usifike mbali."

Alifunga kitambaa juu ya mshono, akatoka, na miguu ikashika njia ya shule, naye akajiambia kwamba anakwenda kuliona lango tu, kisha kwamba atawatazama watoto dirishani bila kusema neno, kisha kwamba mzigo mmoja ukigawanywa kwa watu arobaini na mmoja si mzigo tena, kwamba watoto hupona haraka, kwamba wao hawana mume wala wifi wala miaka ya kazi, na jicho lilikuwa linabonyezwa kwa kila hatua, na alijua, alipopita bomba la maji na ukuta wenye alfabeti alizozichora mwenyewe, alijua kabisa kwamba angeweza kugeuka.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Mlango wa darasa ulikuwa wazi nusu. Watoto walikuwa wanafanya hesabu walizoachiwa na mwalimu wa zamu. Mpaka leo anasema si yeye aliyebisha. Lakini sauti ilikuwa yake, ile ile ya kila asubuhi.

"Hodi."

Madawati yaligonga sakafu. Wakasimama wote, nyuso zinang'aa kwa furaha.

"Karibu, mwalimu!"

Maumivu yaliondoka kama taa iliyozimwa. Alisimama mlangoni, kichwa chepesi, akisikia ndege nje kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Akaingia, akachukua chaki, akaandika tarehe ubaoni. Herufi zilinyooka kama zamani.

Nyuma yake msichana wa dawati la mbele, mdogo kuliko wote, alinyoosha kidole.

"Mwalimu, kuna mtu anabisha."

"Hakuna mtu mlangoni, mwanangu."

"Si mlangoni, mwalimu," mtoto alisema, na mkono wake mwingine ukalishika jicho la kulia. "Nimwitikie?"

Mwalimu hakugeuka.

"Kaa chini," alisema. "Tuendelee na hesabu."