Fremu Yenye Huruma

Kila mwisho wa mwezi duka la vifaa vya ujenzi hujaa watu, utadhani nyumba zote za mji zimebomoka kwa pamoja. Siku hiyo watu walisukumana na mabomba, ndoo za rangi na mifuko ya misumari. Katikati ya vurugu hiyo msichana mmoja alisimama mbele ya rafu ya nyundo, akiinua moja baada ya nyingine na kuipunga hewani. Alivaa sketi nyeupe ya mchezo, sweta ya bluu ameifunga kiunoni, na viatu vyake vilikuwa na vumbi jekundu hadi kwenye kamba. Mama yake ndiye aliyemtuma nyundo.

"Hiyo itakuchosha," sauti ya kiume ilisema nyuma yake. "Kichwa kizito, mpini mfupi. Chukua ya tatu kutoka mwisho."

Aligeuka akamwona kijana mrefu, aproni yake ya turubai imejaa madoa ya gundi kavu, kopo la gundi kwapani.

"Wewe ni muuzaji hapa?"

"Hapana. Natengeneza fremu za raketi za tenisi. Nimeona unavyoishika hiyo nyundo. Mpiga misumari hashiki hivyo."

"Nashikaje?"

"Kama unayengoja msumari ukurudie."

Msichana alicheka mpaka watu wakageuka. Ni kweli alikuwa mchezaji, na viwanjani walimwita Chokaa, kwa sababu mipira yake ilipenda kuanguka juu ya mistari na kuitimua chokaa. Yule kijana kila mtu alimwita Fundi, naye Chokaa akamwita hivyo hivyo, hata walipofika mahali pa kuitana mpenzi. Alinunua ile nyundo ya tatu kutoka mwisho. Mama yake aliipokea, akaitazama, akauliza ni nani kaichagua, maana alimjua mwanawe.

Karakana ya Fundi ilikuwa chumba kirefu nyuma ya kiwanda cha vifaa vya michezo, chenye madirisha ya juu na harufu ya gundi ya moto. Chokaa alikwenda huko wiki iliyofuata na malalamiko yake. Raketi anazopewa, alisema, zina nguvu lakini hazina adabu. Unazituma kushoto, zinakwenda zinakotaka. Fundi alimfungua kiganja cha kulia, akalaza rula kutoka mstari wa katikati ya kiganja hadi ncha ya kidole cha pete, kwani ndivyo unene wa mpini unavyopimwa. Akapima mara ya pili. Akapima mara ya tatu.

"Unapima mkono au unaushika?" Chokaa aliuliza.

"Vyote viwili."

Fremu ya kwanza aliyomtengenezea ilikuwa na kichwa chembamba, nyuzi zilizokaribiana, na shingo iliyolegea kidogo ili mpira ukae kwenye nyuzi kidogo zaidi kabla ya kuondoka. Chokaa aliijaribu asubuhi moja, akarudi, akamkumbatia Fundi pamoja na aproni yake na gundi yake yote.

Fundi alikuwa na desturi moja. Kila raketi iliporudi kufungwa nyuzi mpya, kabla ya kuzikata zile kuukuu alilaza juu yake karatasi nyembamba na kuisugua kwa penseli, mpaka pale mpira ulipopiga sana pakaonekana kama doa jeusi. Aliandika tarehe na kuihifadhi kwenye jalada. Mchezaji hukumbuka anavyotaka, alimwambia Chokaa, lakini nyuzi zinakumbuka alivyopiga. Kwa mwaka mzima doa la Chokaa lilikaa katikati, dogo, mviringo, kama limewekwa kwa kidole.

Mapenzi nayo yalinoga. Walipigiana simu asubuhi, mchana, na mara nyingine wakiwa wamebakisha hatua kumi kukutana.

"Umekula?"

"Nimekula. Wewe?"

"Mimi nashiba sauti yako, laazizi."

"Basi utakonda, maana nakata simu. Kocha ananiita."

Mwaka wa pili doa lilianza kuhama. Kwanza lilisogea pembeni kwa upana wa kidole, kisha viwili. Fundi alijua maana yake, kwa sababu ndiyo kazi yake. Raketi ilikuwa ikigeuka mkononi. Vidole viwili vya mwisho, cha pete na kile kidogo, ambavyo ndivyo vinavyoshikilia mpini usizunguke, vilikuwa vimelegea. Alimpigia simu siku hiyo hiyo.

"Mpenzi, mkono wako mzima?"

Chokaa alihamishia simu mkono wa kushoto.

"Fundi, usiniulize mkono. Niulize raketi."

Uteuzi wa timu ya taifa ulikuwa umebakiza miezi sita. Kila asubuhi Chokaa aliamka na ganzi kwenye vidole vile viwili, akavisugua chini ya maji ya moto, akatoka. Hakumwambia kocha, hakumwambia mama, na kama ingewezekana asijiambie hata mwenyewe angefanya hivyo.

Basi Fundi akaiuliza raketi. Alichonga kalibu mpya ya kuumbia fremu, akapanua kichwa cha fremu pande zote mbili, akanenepesha kuta zake, na chini ya tabaka la mwisho la kaboni akalaza tepe nyembamba za madini ya risasi, moja kulia, moja kushoto. Uzito ule wa pembeni uliifanya fremu ikatae kuzunguka hata mpira ulipoipiga ukingoni. Ilikuwa kazi bora ya maisha yake, sitamnyima sifa hiyo. Mpira uliopaswa kwenda kwenye uzio ulianguka juu ya mstari na kutimua chokaa kama zamani. Mwenye kiwanda aliishika, akaipunga, akaahidi itatolewa kwa jina la Fundi mwenyewe.

Hapo ndipo ningemshika Fundi sikio. Alijiambia kwamba anamlinda mpenzi wake asiachwe nje ya timu. Kweli alimpenda, lakini pia aliipenda ile fremu, na mtu mwenye vipenzi viwili hachelewi kumtoa mmoja kafara kwa ajili ya mwingine. Doa lilipohama tena, aliongeza risasi kidogo. Likahama tena, akaongeza tena. Hakuuliza mkono mara ya pili.

Chokaa aliteuliwa. Adhuhuri ya siku ile, kwenye benchi la kiwanja tupu, Fundi alitoa pete nyeusi aliyoichonga kutoka kipande cha kaboni kilichobaki kwenye fremu yake ya kwanza. Aliisugua kwa msasa laini mpaka ikang'aa. Aliuliza tu kama atakubali kuolewa naye. Chokaa alikubali kabla hajamaliza, akanyoosha mkono wa kulia.

"Nivishe huu. Ndio unaofanya kazi."

Alimvisha kidole cha pete. Chokaa akakigeuza kidole juani.

"Nyepesi, mpenzi. Wala siisikii."

Wakacheka wote wawili. Fundi aliacha kucheka wa kwanza, akakitazama kidole kile, kisha naye akajisahaulisha.

Miezi minne baadaye, katika nusu fainali, fremu ilipasuka shingoni. Raketi za akiba zilikuwa karakana zikifungwa nyuzi, hivyo Chokaa akaazima ya kocha. Mpira wa kwanza nusura umpate mwamuzi. Wa pili ukagonga uzio. Wa tatu ukaipindua raketi mkononi mwake na kuitupa chini, nayo ikateleza kwenye udongo mwekundu hadi chini ya wavu. Watazamaji walidhani ni hasira, wakamzomea. Yeye alisimama akiutazama mkono wake kana kwamba nao umeazimwa pamoja na raketi.

Daktari alimwambia abane karatasi kati ya dole gumba na kidole cha kwanza, kisha akaivuta. Ilitoka kama inayookotwa mezani. Alimbonyeza kiwiko, akapata uvimbe uliokuwa umeukandamiza mshipa wa fahamu unaokwenda kwenye vidole. Angekuja mwaka mmoja kabla, alisema, ungeondolewa na mkono ungerudi. Sasa wangeuondoa ili hali isizidi, lakini misuli iliyokwisha kunyauka haingeamka tena.

"Mwaka mzima hukuona kitu? Mpira ulikuwa unakwenda wapi?"

"Ulikuwa unakwenda ninapotaka," Chokaa alijibu.

Mama yake alipopewa habari alisema mficha maradhi kilio humuumbua, kisha akajutia maneno yake, akamvutia mwanawe kifuani. Kesho yake Chokaa alikwenda karakana. Hakwenda kugombana. Alikwenda kulia kwenye bega la mtu wake. Fundi alikuwa ameitwa ofisini, hivyo akaketi mezani kumngoja, na mbele yake palikuwa na jalada lenye jina lake. Alilifungua ili apitishe muda.

Aliyaona madoa yakihama ukurasa baada ya ukurasa, kila moja na tarehe yake. Pembeni palikuwa na mwandiko alioupenda. *Vidole viwili vya mwisho vinalegea. Ongeza risasi kulia.* Wiki nane mbele: *Vimelegea zaidi. Ongeza.*

Fundi aliingia akitabasamu, tabasamu likafia mlangoni.

"Ulijua," Chokaa alisema.

"Nilijua raketi inageuka. Sikujua kama ni ugonjwa."

"Umeandika vidole, Fundi. Hukuandika raketi."

Fundi aliutazama mwandiko wake. Alisema kwa sauti ndogo kwamba Chokaa mwenyewe ndiye aliyemkataza kuuliza mkono.

"Nilikukataza, na kosa hilo ni langu, nitaishi nalo. Lakini mpira ungetoka nje ningejua. Mmoja tu, ungenipeleka kwa daktari. Umeniibia mipira yangu yote iliyotoka nje."

Aliivua pete kwa mkono wa kushoto, akaiweka juu ya ukurasa wa mwisho, akaondoka. 

Alipiga simu siku ile na siku zilizofuata. Mara moja tu ilipokelewa, na sauti ilikuwa ya mama.

"Mwanangu, hayupo," mama alisema. Hakuzoea kusema uongo. "Yupo. Ila kwako hayupo."

Fundi alimwomba mwenye kiwanda fremu ile isitolewe. Mwenye kiwanda alimcheka, akaitoa, ikauzwa vizuri. Kila alipopita madukani Fundi aliiona ikining'inia dirishani na jina lake ubavuni, akabadilisha njia. Maji yakimwagika hayazoleki, nalo jina likishachapwa halifutiki. Pete alikaa nayo kwenye mfuko wa aproni.

Miezi minane ilipita ndipo simu ikalia.

"Mimi sijakusamehe," mama alianza bila salamu, "tuelewane hapo. Lakini binti yangu anapiga mpira ukutani kwa mkono wa kushoto, kila siku, kwa ile raketi yako ya mwisho. Kila mpira unakwenda sawa. Anafurahi. Njoo uichukue, inamdanganya tena."

Fundi alimkuta Chokaa nyuma ya ghala kuukuu. Alikuwa amekonda, amevaa suruali ya michezo iliyopauka na fulana ya mikono mirefu, wa kulia umeshushwa mpaka kwenye vidole. Kikombe cha maji alikishika kwa dole gumba na vidole viwili, kwa uangalifu wa mtu aliyewahi kuvunja vingi. Hakushangaa kumwona.

"Mama amekuita."

"Ndiyo."

"Nimejua tangu jana kwamba inanidanganya. Hakuna mkono unaojifunza haraka hivyo." Alimkabidhi raketi. "Timu sirudi tena, daktari amesema na nimemwelewa. Lakini nataka kucheza, hata kama ni na ukuta. Nitengenezee fremu isiyonihurumia. Nikikosea, ikosee."

"Nitatengeneza."

"Na mpira ukitoka, utasema?"

"Nitasema."

Chokaa alimfungulia kiganja cha kushoto. Fundi alilaza rula kutoka mstari wa katikati hadi ncha ya kidole cha pete, akasoma, akaiondoa.

"Mara moja tu?" Chokaa aliuliza.

"Mara moja inatosha," alisema, kwa sababu sasa machozi yasingemwacha aone namba mara ya pili.

Wiki tatu baadaye walikutana kwenye kile kiwanja tupu, mistari yake imepakwa chokaa upya. Fremu ilikuwa nyembamba, nyepesi pembeni, haina risasi hata chembe. Fundi alichuchumaa karibu na mstari upande wa pili wa wavu. Chokaa akarusha mpira juu kwa vidole vitatu vya kulia, akapiga kwa kushoto.

Fundi alitazama ulipoanguka. Ulimi ulimwasha kusema kitu kingine.

"Nje."

"Kiasi gani?"

"Hatua mbili."

Akapiga wa pili. Nje. Wa tatu, nje, wa nne ukagonga wavu. Alipiga mipira kumi na tisa, na Fundi alisema nje mara kumi na tano, kila mara bila kuongeza neno, na kila mara ilimuuma kama mara ya kwanza. Wavu ulimeza mitatu. Mmoja tu, wa kumi na saba, uliangukia ndani, mbali na mstari. Alisema ndani kwa sauti ile ile.

Chokaa alikwenda kwenye benchi, akaketi akihema, jasho likimtiririka shingoni. Fundi alibaki amesimama, hajui kama ameruhusiwa kuketi.

"Ile pete unayo?"

Aliitoa mfukoni. Chokaa aliuficha mkono wa kulia nyuma ya mgongo, akanyoosha wa kushoto. Miezi ya kupiga ukuta ilikuwa imeuvimbisha, vifundo vimekuwa vinene, ngozi ina sugu. Pete iligoma kwenye kifundo. Fundi akaisukuma taratibu mpaka ikapita, na Chokaa akakunja uso.

"Inabana," alisema.

"Nipe niipeleke karakana. Nitaipanua kwa msasa, dakika mbili tu."

Chokaa alikunja ngumi, akaiweka pajani.

"Iache," alisema. "Hii ninaisikia."