Pointi Thelathini za Methusela

Chang'ombe nzima hakuna anayejua mapenzi kunishinda mimi. Wanaume wawili walinikimbia, ni kweli, lakini walikimbia huku wakinisifu.

Basi nisikilizeni habari ya Zipora, mpiga chapa wa Miyuji. Alikutana na Methusela stendi, wakigombea fungu la mwisho la zabibu. Zipora kavaa gauni la njano lililomkaa. Methusela shati jeupe lililogeuka jekundu kwa vumbi la Singida.

"Chukua wewe, dada. Mimi nitakula kwa macho."

"Macho yenyewe yamejaa vumbi, kaka. Nawa kwanza."

Tangu hapo, kila Jumamosi Methusela alipanda basi kutoka Singida kuja kumwona. Mabasi ya watu binafsi yalikuwa yanagombania abiria, na kampuni ya basi lake ikampa kadi: kila safari pointi moja, pointi thelathini usiku mmoja wa watu wawili kwenye hoteli ile ambayo hata wabunge wanaitaja bei yake kwa kunong'ona. Ilipojaa, Zipora akaitunza kadi ndani ya Biblia. Usiku huo waliuweka kwa fungate yao.

Pointi zilipotimia tu, Methusela hakuonekana Jumamosi mbili. Ruthu, shoga yake Zipora, akamnong'oneza, "Kaonekana sokoni Singida na mwanamke, wanachagua vitenge."

Zipora hakuuliza. Alibeba kadi, akaenda hotelini peke yake, na kwa kuwa kadi ina jina la mwanaume, akajiandikisha kuwa mkewe.

Maji ya moto yalitoka ukutani yenyewe. Akaoga mara mbili. Akaagiza kuku, kisha akashindwa kumla. Kila akitazama shuka zile nyeupe, aliona shati lenye vumbi. Safari thelathini, na yeye kazimaliza kwa sabuni.

Simu ya mkononi ikalia.

"Malkia wangu, uko wapi?"

"Kondoa. Kwa shangazi."

"Nisamehe zile Jumamosi. Nilikuwa na dada yangu, tunamtafutia mama yako vitenge. Kesho wazee wanaleta posa."

Zipora akakaa kitandani taratibu.

"Mbona unanong'ona?"

"Shangazi amelala."

"Saa kumi hii ya jioni?"

"Ana malaria."

"Maskini. Basi mimi niko mapokezi ya hoteli, nimekuja kuulizia usiku wetu. Wananiambia mke wangu yuko juu tangu saa saba, na ameagiza kuku." Methusela akakohoa kidogo. "Zipora, mimi nimeoa lini?"