Nyumba Iliyolala

Jua lilipofika utosini, kuta za Mtaa wa Mkungugu zilianza kupumua. Ndani ya kila ukuta mlikuwa na mishipa myembamba ya maji yaliyopozwa chini kabisa ardhini, na mishipa hiyo yote iliendeshwa na ubongo-mashine mmoja ulioitwa Mlinganishi. Kazi yake ilikuwa kugawa. Nyumba ya huku ikizidiwa na joto, aliivutia ubaridi kutoka kule. Maji yaliyooshea vyombo asubuhi aliyasafisha akayapandisha darini jioni, yakanywesha mchicha na nyanya za mtaa mzima. Wageni kutoka miji iliyokwisha kukauka walikuja jijini Ihumbwe kwa ajili hiyo tu, wakazigusa kuta kwa viganja na kutikisa vichwa.

Kitu kimoja Mlinganishi hakuwa nacho: macho. Watu wa Mkungugu walikuwa wamezikataa kamera katika mkutano wa mtaa, wakasema hawako tayari kuchunguliwa wakivua nguo. Basi Mhandisi Nyamizi, aliyemtengeneza, akamfundisha kuwatambua watu kwa matumizi yao. Bomba likifunguliwa, jiko likiwashwa, choo kikivutwa, nyumba ina mtu. Nyumba isiyogusa chochote juma zima ilihesabiwa kuwa imelala, wenyewe wamesafiri, na siku ya joto kali ubaridi wake walipewa wenye watoto wachanga. Wenyewe wakirudi na kufungua bomba, ukuta uliwaamkia kwa sauti ya Nyamizi mwenyewe, aliyoirekodi siku moja akicheka: "Karibu nyumbani. Pole na safari."

Hesabu ilikuwa safi. Nani angekaa ndani juma zima bila kufungua bomba?

Siku ya Bendera ya Kijani joto lilikuwa la kukaanga samaki juu ya lami. Bendera hiyo ilitolewa mara moja kwa mwaka kwa mtaa uliofuja kidogo kuliko mingine yote ya jiji, na safari hii ilikuwa inakwenda Mkungugu. Kabla ya kutoka, Nyamizi alimpigia simu Shangazi Perusi, dada wa marehemu baba yake, aliyemlea tangu hajui kufunga kamba za viatu. Shangazi alikaa Mkungugu, ghorofa ya nne, nyumba ya mwisho.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Nitakula huko huko. Wewe je?"

"Nimekula, nimeoga, nimetulia zangu. Vaa lile gauni la njano. Usije ukapanda jukwaani na suruali kama fundi bomba."

"Shangazi, mimi si ndiye fundi bomba mwenyewe?"

Mama mtu mzima akacheka mpaka akakohoa. "Haya, fundi bomba, jioni upite. Miguu hii hainifikishi uwanjani, nami nina neno nataka kukwambia."

Neno lenyewe hakulisema kwenye simu, na laiti angelisema.

Shangazi Perusi alikuwa na kisukari. Alikunywa maji mengi na kwenda chooni mara kwa mara, na kwa hiyo fungu la maji ambalo kila nyumba ilipangiwa halikumtosha. Nyumba iliyozidisha iliwashiwa taa nyekundu mlangoni. Kwake iliwaka mara mbili. Ikiwaka ya tatu, mtaa mzima ungeikosa bendera. Kulikuwa na fungu la mgonjwa, ndiyo, Nyamizi aliliweka kwa moyo mwema, lakini mwombaji alipaswa kusomwa jina na maradhi yake mbele ya mkutano wa mtaa. Shangazi alikataa katakata. Asomwe mbele ya wakwe za watu kwamba anakojoa sana? Tena yeye, shangazi wa mhandisi! Watu wangesema mashine ya mtoto imemshinda mama.

Majuma mawili kabla ya bendera akafunga bomba lake asiliguse tena, asije akajisahau. Majirani walipojua, walifanya kile ambacho majirani wa Mkungugu wangefanya hata katika usingizi: kila nyumba ikamega fungu lake. Huyu kaleta ndoo, yule kaleta ugali na mlenda, na Mama Kulwa wa nyumba ya pili akamwaga kopo la chooni kila asubuhi kimyakimya, amelifunika kwa kanga. Hakuna aliyemwambia Nyamizi. Siri ya mgonjwa haitangazwi, na wema haudai shahidi.

Nyamizi mwenyewe aliiona ndoo nyuma ya mlango alipokwenda kumsalimu. Alitabasamu. Wazee na ndoo zao, alisema moyoni, hata uwape bomba la dhahabu. Hakuuliza.

Uwanjani watu walikuwa wamejaa chini ya maturubai. Ngoma zilipigwa, mwenyekiti wa mtaa akahutubia mpaka jasho likamwingia machoni, kisha akamwita mhandisi. Nyuma ya jukwaa kiliwashwa kioo kikubwa kinachoonyesha jengo zima la mtaa, kila nyumba na rangi yake. Watu walishangilia kuziona nyumba zao.

"Ndugu zangu," Nyamizi alisema, "leo ni siku ya joto kuliko zote mwaka huu, na hakuna mtoto anayelia kwa joto Mkungugu. Mnajua kwa nini? Tazameni zile za kijivu. Ni nyumba zilizolala. Wenyewe hawapo, lakini ubaridi wao unawahudumia wenzao. Huo ndio ujirani! Zipigieni makofi."

Makofi yakapigwa. Naye akageuka kuzionyesha kwa kidole, moja chini, mbili katikati, na moja ghorofa ya nne, mwisho kabisa.

Kidole kikabaki hewani.

Alidhani kioo kimekosea. Alitazama tena. Kisha alitazama chini, akamwona Mama Kulwa katika safu ya mbele, mikono imeganda katikati ya makofi, mdomo wazi. Hapo ndipo alipoielewa ile ndoo. Alishuka jukwaani kwa kuruka, gauni la njano likapasuka pindoni, akakimbia, na Mama Kulwa nyuma yake akilia, "Mungu wangu, Mungu wangu."

Madirisha ya Mkungugu hayakufunguka. Ubaridi uliovuja nje ulikuwa ufujaji, na ufujaji ndio walioapa kuumaliza. Mlango uliposukumwa, hewa iliyotoka iliwachoma nyuso kama mvuke wa sufuria. Shangazi Perusi alikuwa amekaa sakafuni jikoni, mgongo ukutani, kichwa kimeinamia bega. Ndoo ilikuwa tupu kando yake. Bomba lilikuwa juu ya kichwa chake, mkono ukiinuliwa tu unalifikia.

Nyamizi alimshika mashavu. Alimwita kwa jina alilomwita utotoni, akamtikisa, akamwita tena. Hakuitikiwa.

"Kwa nini hakulifungua?" alipiga kelele. "Angelifungua mara moja tu! Tone moja! Mlinganishi angejua kuna mtu!"

Mama Kulwa alikuwa amepiga magoti mlangoni. "Ni mimi," alisema. "Asubuhi nimemletea ndoo, nikamwambia, mama, vumilia, leo usiguse bomba, leo wanahesabu. Akaniambia, nenda mwanangu, siwezi kumwaibisha Nyamizi." Akajipiga kifua. "Tulikuwa tunamsaidia, mhandisi. Wallahi tulikuwa tunamsaidia."

Nyamizi alitaka kumlaumu, asiweze. Mama huyu alikuwa amemjua Shangazi aliye hai kuliko yeye aliyempigia simu kila siku. Alimvuta, wakalia pamoja kwenye sakafu ile ya moto.

Alasiri wanawake wa ghorofa ya nne walikuja kumwosha marehemu. Kwa mazoea, kila mmoja alikuja na ndoo aliyoijaza kwake, wakazipanga mlangoni. Kule uwanjani bendera ilikuwa imekwisha kupandishwa, maana hakuna aliyekumbuka kuizuia.

"Hizo zirudisheni," Nyamizi alisema. "Leo tutatumia maji yake."

Alikwenda jikoni akalifungua bomba mpaka mwisho. Lilikohoa, likatema kutu kidogo, kisha maji yakamiminika. Ndani ya ukuta kitu kikatetemeka. Mishipa ilijaa, na ubaridi ukaanza kuteremka polepole juu ya uso wa Shangazi Perusi, ukapeperusha ncha ya shuka aliyofunikwa. Mama Kulwa alijifunika uso kwa kanga.

Taa ya kijani ikawaka mlangoni, na ukuta ukasema kwa sauti changamfu ya msichana anayecheka:

"Karibu nyumbani. Pole na safari."